Gari la Waya na Swali la Kuiga

Miongoni mwa maneno yaliyotumiwa sana katika mazungumzo ya utamaduni tangu Uhuru, neno kuiga ni mojawapo ya yale yaliyobebeshwa lawama nyingi. Aigaye mavazi ya wageni ameambiwa ana kasumba. Aigaye lafudhi yao amechekwa. Na methali yetu ya kale, Mwacha mila ni mtumwa, imetamkwa mbele ya mikutano mingi kama hukumu isiyokatiwa rufani. Hatukusudii katika insha hii kuitetea kasumba. Tunakusudia kuuliza swali moja ambalo limetusumbua kwa miaka mingi, nalo ni hili: je, kila aigaye huacha chake? Na kama sivyo, ni alama gani itupambanulie mwigaji aliye mtumwa na mwigaji aliye huru? Tumeamua kulitafutia jibu mahali ambapo wakubwa hawana desturi ya kutafuta majibu, yaani katika magari ya waya na makopo ambayo watoto huyatengeneza na kuyasukuma njiani.

Yamkini mwalimu atakayesoma kurasa hizi atakumbuka methali nyingine, Kazi mbi si mchezo mwema, na kuona kwamba tumeshuka chini mno. Tunamwomba avumilie. Methali hiyo ilitungwa na watu wazima kuwaonya watu wazima walioacha jembe wakaenda kwenye bao. Haikuwa na haja ya kumtazama mtoto anayepinda waya. Na mtoto anayetengeneza gari yuko kazini, tena katika kazi ambayo hakuagizwa na mtu.

Tuichukue barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa haramu mwezi Novemba 1965, njia za Zambia za kusini ziliingia mashakani, na barabara hii, ambayo wakati huo sehemu yake kubwa ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, ikageuka kuwa tegemeo la jirani. Malori yalipanda na mafuta, yakashuka na shaba. Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ilikuwa bado ni wazo. Ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976, na hata baada ya hapo malori hayakukoma. Kwa hiyo watoto wa vijiji vya kando ya barabara hiyo, nasi tumo katika kundi lao, walikua wakiyasoma malori kama watoto wa pwani walivyoyasoma majahazi. Tulilijua lori kwa mlio kabla halijatokea kwenye kona. Tulijua lipi lina magurudumu sita na lipi kumi, lipi hupiga chafya ya upepo linaposimama, na dereva yupi hutupa maganda ya machungwa na yupi hutupa senti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati madukani hamkuwa na sabuni sembuse vitu vya kuchezea, magari tuliyokuwa nayo yalikuwa yale tuliyoyatengeneza wenyewe. Fremu ilipindwa kwa waya mnene wa uzio uliokwisha kutupwa (na wakati mwingine, tukiri, ambao haukuwa umetupwa). Asiyekuwa na koleo alipinda waya kwa jiwe na kwa meno. Viungo vilifungwa kwa waya mwembamba uliopatikana kwa kuchoma tairi kuukuu, au kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Bodi ilikuwa bati la kopo la mafuta ya kula, lililofunguliwa, likanyooshwa juu ya jiwe, likakunjwa kingo zake ili lisimkate mwenyewe. Magurudumu yalikatwa katika soli ya kandambili, na asiyekuwa na kandambili ya kuharibu alitumia vizibo vya soda au vifuniko vya makopo ya dawa ya viatu. Mikanda ya chuma ifungiayo mizigo, ambayo ilikuwa ikiokotwa karibu na maghala, ilipangwa mitatu mitatu, mrefu juu na mfupi chini, ikawa springi. Springi hizo hazikuwa pambo. Lori lililopakiwa mawe lilibonyea na kuinuka kama lori hasa.

Lakini sehemu iliyomtenga fundi na mjaribu ilikuwa usukani. Gari la kuvutwa kwa kamba hata mtoto wa miaka minne hulifanya. Gari la kusukumwa huhitaji waya mrefu, au ufito, utokao kwenye mhimili wa mbele na kupanda hadi kiunoni kwa mtoto, ambako huishia katika duara. Mtoto hukimbia nyuma ya gari lake amelishika duara kwa mikono miwili. Akilizungusha kulia, magurudumu ya mbele nayo yaende kulia. Ili jambo hilo liwezekane, mhimili wa mbele hauwezi kufungwa imara kama wa nyuma. Sharti ushikwe na pini moja katikati, tena pini hiyo isilegee hata magurudumu yakayumba, wala isikaze hata ufito ukavunjika. Hakuna mtu aliyetufundisha hayo. Tulilala chini ya lori lililoharibika, huku utingo akitufukuza, tukatazama.

Aliyefika daraja la kutengeneza tela aligundua jambo la ajabu zaidi. Lori lenye tela likienda mbele, tela hufuata kwa utii. Likirudi nyuma, ukikata usukani kulia, tela huenda kushoto. Watu wazima hulipwa mshahara kwa kulijua jambo hili. Sisi tulilijua tukiwa na miaka tisa, kwa kugombana na tela lisilotaka kuingia katika gereji iliyochorwa vumbini kwa kijiti.

Kisha yakaja mapambo, na hapa ndipo tunapomwomba msomaji atulie nasi kidogo. Hakuna lori lililofanana na jingine. Mmoja aliliongezea lake tangi la pili la mafuta, kwa sababu alikuwa amesikia habari za dereva aliyelala njiani siku mbili kwa kuishiwa mafuta. Mwingine aliweka juu ya kichwa cha gari kichanja cha mizigo na ndani yake kuku wa udongo, kwa kuwa hakuwahi kuona basi lisilo na kuku. Wa tatu alitundika nyuma ya magurudumu vipande vya mpira akaandika juu yake maneno ya wahenga, kama waandikavyo wenye malori. Hayo yote hayakuwamo katika magari yaliyotoka kiwandani ng'ambo. Yalikuwamo katika magari kama yalivyoishi kwetu. Mtoto hakuiga gari la Waingereza wala la Waitaliano. Aliiga gari lililokwisha kuingia katika maisha ya kijiji chake, na alipoiga alisema neno lake juu ya maisha hayo.

Hatukuyaona hayo mapema. Mwaka 1996, tukiwa watumishi wa serikali, tuliteuliwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu katika maonyesho ya ufundi ya shule za msingi za wilaya moja. Juu ya meza kulikuwa na mikeka, vyungu, ungo, ngoma na vinyago. Kijana wa darasa la tano alileta basi la waya na bati, refu kama mkono wa mtu mzima. Mlango wake ulifunguka. Ngazi ya nyuma ilipanda hadi kwenye kichanja. Ndani viti vilipangwa viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, na siti ya mwisho ilienea upana wote wa basi. Mmoja wetu (hatusemi yupi, ingawa msomaji anaweza kukisia) alimuuliza, "Hii ni asili ya kabila gani, mwanangu?" Kijana alifikiri, akajibu kwa heshima, "Hili linakwenda Songea, mzee."

Tulicheka. Kisha tukaandika katika fomu kwamba kazi hiyo haimo katika ufundi wa asili, ni kuiga vitu vya kigeni, na hatukuipa alama. Tuzo ilikwenda kwa kinyago cha mzee aliyeegemea fimbo, kinyago ambacho watalii wamekwisha kukinunua maelfu kwa maelfu, na ambacho mchongaji wake, kijana naye, alikuwa amekinakili mkunjo kwa mkunjo kutoka kwa kingine. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Siku ile aliyecheza kwao hakutunzwa, na aliyetunzwa alikuwa amenakili. Jioni vyungu na mikeka vilipakiwa katika gari la idara. Basi halikupata nafasi. Likaondoka kwa magurudumu yake, mwenyewe akilisukuma kandokando ya barabara.

Tulichukua muda kuelewa kosa lilikuwa wapi. Wenzetu wengine walitufariji kwamba tulitekeleza sera. Lakini sera haikusema hivyo. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 10, 1962, siku moja baada ya kuzaliwa kwa Jamhuri, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, hakuukataa utamaduni wa mataifa mengine. Alitaka watu wake wachukue kilicho bora kutoka kwa wengine bila kudharau chao. Ni sisi, wasaidizi wa ofisini, tuliolifanya neno utamaduni kuwa orodha ya vifaa. Kilichomo katika orodha ni chetu, kisichomo ni cha kigeni, na kazi ya mwamuzi ikawa kukagua orodha.

Orodha hiyo yenyewe ikipekuliwa haikai sawa. Leo hakuna anayetilia shaka kwamba michoro ya Tingatinga ni sanaa ya Tanzania. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, juu ya mbao za kuezekea dari, kwa rangi za mafuta zinazopakwa baiskeli. Mbao zilikuwa za kiwandani na rangi zilikuwa za kiwandani. Alifariki mwaka 1972, akaacha namna ya kuona wanyama na miti ambayo haikuwapo kabla yake. Laiti angeleta kazi yake mezani kwetu, tungemuuliza habari za rangi ya baiskeli.

Basi alama tunayoitafuta haimo katika asili ya umbo wala asili ya vifaa. Tunadhani imo katika njia ambayo umbo limepita ili kumfikia mtu. Kuna umbo linalopita mfukoni, na kuna umbo linalopita mkononi. Anayenunua kitu cha mwenzake amekipata chote na hakukielewa hata kimoja. Kikivunjika hukirudisha dukani. Anayekitengeneza upya, hata kwa vifaa duni, hana budi kuuliza kila sehemu: wewe uko hapa kwa nini? Mpira huu ni wa nini? Pini hii inazuia nini? Mtu hawezi kuiga kwa mikono kitu asichokiuliza maswali. Na kila mahali ambapo vifaa vyake vinashindwa kufuata umbo la asili, analazimika kuamua mwenyewe. Hana kioo, je, aache dirisha wazi au afunge nailoni? Hana taa, je, atie vizibo au achore? Katika mapengo hayo ndimo mtengenezaji anamoingia na akili yake, na watu wake, na kuku wake wa udongo.

Kuna na alama ya pili, ambayo ni ya maadili zaidi kuliko ya ufundi. Gari la waya halimdanganyi mtu. Linasema waziwazi: mimi si gari, mimi ni mfano wa gari. Bidhaa bandia, ambazo zimejaa masokoni, zina umbo lile lile la asili na huenda zimeigwa kwa ustadi mkubwa zaidi, lakini zinaficha kwamba zimeigwa, na faida yake yote imo katika kuficha huko. Kifaa bandia cha breki hufanana na kile halisi hadi siku ya mteremko. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama kitu kimeigwa. Tuulize pia kama kinakiri.

Wala watoto wetu hawako peke yao katika mchezo huu. Huko Uingereza, kiwanda kilichoitwa Lesney kilianza mwaka 1953 kuuza magari madogo ya chuma yaliyokuja katika visanduku mfano wa viberiti, yakaitwa Matchbox. Yasimuliwa kwamba chanzo chake ni fundi Jack Odell, ambaye binti yake alisoma katika shule iliyoruhusu kitu cha kuchezea kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Baba akamtengenezea mashine ndogo ya kushindilia barabara. Tunaipenda hadithi hiyo kwa sababu mbili. Sheria ya mwalimu ilizaa ubunifu badala ya kuuzima, na mtoto aliyetengenezewa mashine hiyo alikuwa msichana. Hata hivyo, tangu gari lile dogo lilipoingia kiwandani, mamilioni ya watoto walilipata kwa njia ya mfuko.

Mfano wa Marekani unatufaa zaidi. Mwaka 1930 kampuni ya Fisher Body, iliyokuwa ikitengeneza bodi za magari ya General Motors, ilianzisha mashindano ya vijana. Kwa miaka ya mwanzo vijana walitakiwa kutengeneza mfano mdogo wa gari la farasi la kifalme la zama za Napoleon, kwa kufuata michoro waliyopewa. Aliyeshinda ni yule aliyefuata zaidi. Kuanzia mwaka 1937 waliruhusiwa pia kubuni gari lao wenyewe na kulitengeneza kwa skeli ya 1:12. Mashindano hayo yaliendelea hadi 1968. Mmoja wa washindi wa kitaifa wa mwaka 1947, Charles Jordan, alikuja kuwa mkuu wa usanifu wa magari ya General Motors. Hatusemi kwamba mfano wa mbao ndio uliompa cheo. Tunasema tu kwamba kampuni kubwa ya biashara, isiyotoa fedha kwa huruma, iliona kwamba mahali pa kumtafuta msanifu wa kesho ni kwenye meza ya mtoto anayekata mbao leo. Na kwamba iliona pia tofauti ya kumpa mtoto gari la kunakili na kumpa ruhusa ya kuwaza lake.

Katika nchi hizo wapo hata leo watu wazima, mafundi wa kweli, ambao hununua vipande vya plastiki vya lori dogo, wakavikata na kuviunga upya ili lori liwe tofauti na la sandukuni: hurefusha fremu, hubadilisha kichwa, hutengeneza tela lao. Wakimaliza huchukua rangi ya kahawia na brashi nyembamba wakalipaka lori hilo kutu na vumbi, ili lionekane limefanya kazi. Mtu wa barabara ya Tunduma atacheka kidogo asikiapo kwamba kutu inanunuliwa. Lakini akili ni ile ile: mtu haridhiki na umbo lililotoka kiwandani mpaka aandike juu yake habari za maisha.

Hadi hapa tumeusifu mfano. Haki yataka tuutaje udhaifu wake pia, na hapa tunawaomba wanafunzi wachukue kalamu. Lori la urefu wa mita 8 likitengenezwa kwa skeli ya 1:20 litakuwa na sentimita 40. Ikiwa vifaa ni vile vile, uzito wake hautapungua mara 20. Utapungua mara 20 kwa urefu, mara 20 kwa upana, na mara 20 kwa kimo, yaani mara 8,000. Lakini unene wa mhimili, ambao ndio unaobeba uzito, utapungua kwa eneo la mkato wake, yaani mara 400 tu. Kwa hiyo lori dogo, kwa kulinganisha na uzito wake, lina nguvu mara 20 kuliko lile kubwa. Ndiyo maana lori la mabua hubeba jiwe zito kuliko lenyewe lisivunjike, na lori la chuma likijazwa kupita kiasi hukatika springi. Galileo Galilei wa Italia alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638, akionyesha kwamba mifupa ya jitu haiwezi kuwa mifupa ya mtu wa kawaida iliyokuzwa tu. Mfano husema kweli kuhusu umbo. Kuhusu nguvu husema uongo, tena uongo wa kupendeza.

Katika utumishi wetu tumeona shamba la mfano, shule ya mfano na kijiji cha mfano. Kila kimoja kilisimama vizuri. Shamba la mfano lilikuwa na bwana shamba wake, mbolea yake na gari la wizara lililokuja kila wiki. Wageni walipelekwa, picha zikapigwa, na amri ikatoka kwamba wilaya nzima ifanye vivyo hivyo. Lilipokuzwa, mhimili ukakatika: bwana shamba alikuwa mmoja kwa vijiji arobaini, na mbolea haikuwa na gari. Wakulima waliambiwa ni wavivu. Hakuna aliyewaambia wakubwa kwamba walikuwa wametazama lori la sentimita 40 wakasahau kuzidisha. Mtoto aliyewahi kutengeneza gari dogo, kisha akajaribu kulitengeneza mara mbili ya hapo kwa waya ule ule akaliona linalegea na kulala, analo somo ambalo lingewafaa wapangaji wengi.

Tofauti hiyo ya mfano na kitu chenyewe ndiyo inayotufanya tuyaheshimu zaidi mambo mawili yaliyofanywa na watu wazima wa nchi hii. La kwanza ni magari ya abiria ya aina ya chai maharage, yaliyopita katika barabara za Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na baada yake. Gari lilitengenezwa ng'ambo libebe mizigo. Mafundi wetu wakalitia paa na mabenchi, abiria wakakaa wakitazamana kama walaji mezani, na jina likapatikana bila kamati. Hayakuwa magari ya raha, na kwa usalama yalikuwa na upungufu mkubwa. Lakini hayakuwa ya kuiga. La pili ni Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilichoanzishwa Kibaha mwaka 1985 chini ya jeshi, ambacho kiliunda lori lililobeba jina hilo hilo. Lori la Nyumbu halikulijaza taifa. Wapo wanaolitaja kwa kejeli kwa sababu hiyo. Sisi tunalitaja kwa namna nyingine: watu waliolala chini ya malori ya wengine wakatazama, waliinuka siku moja wakatengeneza lenye uzito kamili, ambalo mhimili wake hauna msamaha wa skeli.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Tutaambiwa kwamba tunaupamba umaskini. Kwamba mtoto wa tajiri ana gari linalokwenda kwa betri na mtoto wa maskini ana kopo, na sisi tunamwambia wa pili afurahi. Pingamizi hili ni zito na hatulikimbii. Bati lilitukata vidole, na wenzetu waligongwa wakikimbiza malori wayaangalie. Mgeni apitaye na kamera, akanunua gari la waya kwa bei ya soda na kuliweka kabatini kama ushahidi wa furaha ya maskini, hatuna sababu ya kumshukuru. Hatusemi watoto wanyimwe koleo ili wajifunze kutumia meno. Tungependa kila shule iwe nayo koleo kumi, na mkasi wa bati, na mwalimu anayejua kwamba kelele za mchana nyuma ya jengo la darasa la nne zinaweza kuwa somo la fizikia.

Pingamizi la pili tunajitolea wenyewe, kwa kuwa hatukulisikia kwa mtu. Katika kumbukumbu zetu zote za magari ya waya hamna msichana hata mmoja mwenye usukani. Walikuwapo. Ndio waliotufinyangia kuku na abiria, ndio waliotuletea kandambili za mama zao na kupigwa kwa ajili hiyo. Lakini gari lilipokwisha waliambiwa wakae kando, na sisi tulidhani hayo ndiyo maumbile. Mila nayo, kama tunavyoona, inaweza kuigwa bila kuulizwa maswali.

Mwaka juzi tuliitwa tena kuwa waamuzi, katika wilaya nyingine. Fomu ilikuwa karibu ile ile: asili, ustadi, umaliziaji, matumizi. Tuliomba iongezwe safu ya tano, ya mambo ambayo mtengenezaji ameyaamua mwenyewe. Wenzetu walikubali kwa adabu, kisha wakauliza alama hizo zitatolewaje: tangi la pili ni alama ngapi, na kuku wa udongo ni ngapi? Mwalimu mmoja kijana akauliza swali gumu zaidi, kwamba watoto wakisikia kuna alama za tangi la pili, si kila lori litakuja na tangi la pili? Hatukuwa na jibu. Safu tuliiacha bila jina, tukawaomba waamuzi wachuchumae sakafuni, walisukume kila gari wenyewe kabla ya kuandika chochote.